Mashine ya stima ikizimwa kufanyiwa matengenezo: jinsi ya kupima hasara ya mto na hasara ya mfuko

Ripoti nyingi za matengenezo ya mitambo ya maji zinaanza na megawati. Mashine ni megawati 30, itazimwa wiki tatu, zidisha, toa jibu, weka kwa ripoti, tuma invoisi. Mimi nasema hiyo ni kuanza na mkia. Anza na maji, kwa sababu mashine ile ile ikizimwa Februari hasara inaweza kuwa sufuri na ikizimwa Mei ukaaga mamilioni, na mto nao, Februari una shida zake na Mei una zingine kabisa.

Nitatumia mtambo wa maji wa Sondu Miriu kama mfano kwa sababu iko karibu na sisi wa Kisumu na wengi wameiona. Ni megawati 60, mashine mbili za 30 kila moja, na zikifanya kazi zote zinakunywa takriban kubiki mita 40 za maji kwa sekunde. Haina bwawa kubwa la kuweka akiba, tofauti na mtambo wa Turkwel ambao unalo. Maji yanazuiwa kidogo tu, yanaingia handaki la kilomita 6 na kitu, yanateremka kwa bomba hadi kwa tabaini (mashine inayozungushwa na maji), halafu yakitoka hapo yanapita mfereji hadi mtambo wa pili, Sang'oro, megawati 21 zingine. Kwa hivyo ni maji yaleyale yanafanya kazi mara mbili kabla yaende ziwani, na ukisahau Sang'oro kwa hesabu yako umesahau robo ya mambo. Tarakimu zingine zote hapa chini za maji ya mto, bei na siku ni za mfano wangu wa kufundishia, we weka zako.

Hatua ya kwanza: jua ni kazi gani inafanywa hasa

Usikubali kuambiwa tu "ni sevisi". Uliza wanafungua nini. Kubadilisha oili na grisi, kukagua jenereta, kupima breka, hiyo mashine moja inalala siku chache na nyingine inaendelea. Kufungua tabaini nzima kutoa gurudumu lililoliwa na mchanga ni wiki kadhaa. Lakini wakitaka kuingia ndani ya handaki kuangalia kuta, hapo mashine zote mbili zinalala na Sang'oro inalala nazo, megawati 81 zimeenda.

Na handaki halimwagwi kama ndoo. Likikauka haraka, maji yaliyo ndani ya mwamba nje yake yanasukuma ukuta na ukuta unaweza kupasuka, kwa hivyo linatolewa maji pole pole na kujazwa pole pole. Sasa mtu anakuandikia "ukaguzi siku 4" na hajaweka siku za kumwaga wala za kujaza. Ukiuliza hilo swali moja kwa mkutano wa kwanza, mainjinia wataanza kukuheshimu, niamini.

Andika pia vitu vitakavyoingia na kutoka: oili ngapi drami, rangi ya zamani inayokwanguliwa kwa bomba (za kale zinaweza kuwa na risasi, ile madini), betri, matambara yenye mafuta, tope. Kama ni steshoni ya zamani, mfano Gogo kule Migori iliyojengwa miaka ya 1950, mafuta ya transfoma za enzi hizo yapimwe PCB (kemikali ya sumu ya mafuta ya zamani) kabla mtu hajagusa koki. Na kama kuna suichi zinazotumia gesi ya SF6, uliza itavutwa na kuhifadhiwa vipi, kwa sababu kilo moja ikitoroka inapasha dunia joto kama tani zaidi ya 20 za kaboni dioksidi.

Hatua ya pili: karatasi

Hii nitapita haraka. Matengenezo ya kawaida kwa kawaida yanaingia kwa ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka unaopelekwa NEMA (mamlaka ya mazingira) chini ya sheria ya mazingira, EMCA, ya 1999 na kanuni za 2003. Lakini kuchimba tope kwa wingi, kubadilisha mashine iwe kubwa, au kugusa njia ya mto, hiyo nenda uulize NEMA mapema kama inahitaji tathmini yake yenyewe, na WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) kuhusu kibali cha maji, Sheria ya Maji ya 2016 inawapa hiyo kazi. Ulizia kwa barua upate jibu kwa barua. Jibu la simu halina maana siku kesi ikija.

Hatua ya tatu: hesabu ya maji

Sasa hapa ndio kazi iko, kaa chini.

Tafuta rekodi za mto za miaka mingi uwezavyo, siku kwa siku, za steshoni yenyewe na za WRA. Mto huu unatoka Mau, unapita nchi ya majani chai ya Kericho, kwa hivyo mvua ya hapa Nyakach usiitumie kukisia maji, unaweza kuwa umekaa Katito kwa jua kali na mto unashuka na mafuriko kwa sababu kumenyesha huko juu. Januari na Februari kwa kawaida ndio maji yako chini kabisa. Kuanzia mvua ndefu ya Machi-Aprili yanapanda na yanaweza kubaki juu hadi Agosti.

Kwa kila siku toa kwanza maji ambayo ni haki ya mto, yale ambayo kibali kinasema yaachwe yapite kwa njia yake ya asili. Hayo si ya mtu. Kinachobaki ndicho mashine zinaweza kutumia. Halafu jiulize: mashine moja ikizimwa, ile iliyobaki ingeweza kumeza kiasi gani? Yale yanayozidi yanamwagika juu ya ukuta na kwa mtambo usio na akiba hayo ndio hasara, hayarudi tena.

Mfano, mashine moja imezimwa siku 21, yaani masaa 504, na kila mashine inakula kubiki mita 20 kwa sekunde:

Februari, maji ya kutumia ni 16. Mashine moja inayameza yote. Hasara ya stima, sufuri. Hii ndio watu hawaamini mpaka uwachoree.

Mwezi wa katikati, maji ni 30. Iliyobaki inameza 20, 10 zinamwagika. Hizo 10 ni nusu ya mashine, megawati 15, na kule Sang'oro robo ya 21 ambayo ni 5.25. Jumla 20.25 mara masaa 504, unapata megawati-saa 10,206.

Mei, maji 50. Hata mashine zote zikiwa sawa 10 zingemwagika tu, kwa hivyo hizo usihesabu (nimeona mtu akihesabu). Hasara ni 20 nzima: megawati 30 hapa na 10.5 Sang'oro, mara 504, megawati-saa 20,412.

Unaona sasa? Kazi moja, mafundi walewale, spea zilezile, na hasara inatoka sufuri hadi elfu 20.

Kwa Turkwel hesabu ni tofauti, pale maji usiyotumia leo yanakaa bwawani unayatumia mwezi ujao, hasara inakuja tu kama bwawa linajaa na kumwagika au kama stima ya leo usiku ilikuwa na thamani kuliko ya mwezi ujao. Usichukue fomula ya Sondu ukaibandika Turkwel.

Hatua ya nne: geuza maji kuwa shilingi, lakini taratibu

Weka bei mbili tofauti, usizichanganye. Ya kwanza ni ile mwenye mtambo analipwa kwa mkataba wake wa kuuza stima. Tuseme shilingi 5 kwa yuniti (megawati-saa moja ni yuniti 1,000), hapo Mei ni yuniti milioni 20.4 mara 5, karibu milioni 102. Lakini soma mkataba kwanza, kuna mikataba inayolipia mtambo kuwa tayari hata kama hautoi kitu, na inaruhusu siku kadhaa za matengenezo kwa mwaka bila kukatwa. Basi unaweza kukuta mwenye mtambo hapotezi kitu ndani ya hizo siku, na ndio maana hana haraka!

Ya pili ni ile nchi inalipa. Stima iliyokosekana inatoka wapi? Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Ziwa Turkana, kwa hivyo si kweli kwamba kila yuniti iliyokosekana inajazwa na dizeli. Saa nane usiku inaweza kujazwa na mvuke ambao ungetupwa tu. Lakini saa moja jioni hadi saa tano, nyumba zote zimewasha taa, sima iko kwa koili, TV inaongea, hapo ndio jenereta za mafuta zinaitwa. Sasa fanya hesabu ya saa kwa saa, au kama huna data chukua hata yale masaa manne ya jioni: zile megawati 40.5 za Mei (30 na 10.5) mara masaa 4 mara siku 21 ni megawati-saa 3,402. Ukiweka shilingi 25 kwa yuniti ya mafuta ni milioni 85 na hiyo inaingia kwa ile laini ya gharama ya mafuta kwa tokeni ya kila mtu, hata mtu wa Lodwar.

Moshi pia unatoka hapohapo. Jenereta nzuri ya dizeli inatoa kama tani 0.67 za kaboni dioksidi kwa megawati-saa, kwa hivyo 3,402 zinakupa karibu tani 2,280. Mtu angezidisha zile 20,412 zote angepata tani karibu 13,700 na angeandika kichwa cha habari kizuri sana cha uongo.

Upande wa magharibi uko na kitu kingine cha kuangalia, nguvu ya laini. Sondu na Sang'oro ziko mwisho huku ambako stima nyingi inakuja kutoka mbali, na zikizimwa zote volti inaweza kushuka. Ndio sababu iliyofanya tabaini moja ya gesi ihamishwe kutoka Nairobi iletwe Muhoroni. Ongea na watu wa kontrolo ya taifa kabla ya kuchagua tarehe, uwaulize nini kitashikilia volti ya Kisumu. Mwenye posho mill ambaye mota yake imeungua hajali kama ni matengenezo yaliyopangwa.

Halafu, na hii inasahaulika sana, hesabu upande wa kutofanya. Mchanga wa mto unakula gurudumu la tabaini. Tuseme mashine moja ingetoa yuniti milioni 150 kwa mwaka na imepoteza asilimia 3 kwa kuchakaa, hiyo ni yuniti milioni 4.5, shilingi milioni 22.5 kila mwaka, kimya kimya, hakuna mtu anaona. Na mashine iliyochoka haivunjiki Februari ikiwa imelala, inavunjika Mei ikiwa imebeba kila kitu, halafu unangoja spea kwa meli hadi Mombasa. Weka hizo mbili ubavuni kwa ubavuni: wiki tatu ulizochagua wewe, au miezi ambayo mashine imekuchagulia.

Hatua ya tano: nenda mtoni, kwa miguu

Kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanaporudishwa kuna kipande cha mto ambacho siku za kawaida kinapata maji kidogo tu. Mashine zikizimwa, maji yote yanarudi kwa hicho kipande kwa mara moja. Zikiwashwa, yanaondoka kwa mara moja. Watu wanaoishi hapo wamezoea mto mdogo, wanafua, wanavuka na ng'ombe, wanachota mchanga.

Steshoni moja sitaitaja, nilikuwa kijana wa kubeba vifaa tu, walitoa notisi ya kuzima mashine kwa gazeti, kwa Kizungu, nusu ukurasa safi kabisa. Asubuhi ya siku yenyewe wachota mchanga walikuwa mtoni kama kawaida. Maji yalipanda kutoka kwa kifundo hadi kiunoni kwa muda wa mtu kumaliza chai. Watu walitoka, shukuru Mungu, lakini mchanga wa lori mbili uliokuwa umekusanywa ukingoni ulienda, na masepetu. Jaduong' (mzee) mmoja alisimama pale juu akaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa na reflekta, "Kijana, nyinyi mliongea na nani?" Sikuwa na jibu. Kwa ripoti hiyo siku iliandikwa hakuna athari kwa jamii.

Kwa hivyo tembea hicho kipande chote kabla. Andika kila kivuko, kila mahali pa kufua, pa kunyweshea, pa mchanga, na nani anatumia saa ngapi. Uliza kina mama kwanza, wanajua mto kuliko chifu. Pita baraza ya chifu, chama cha watumiaji maji, BMU (vikundi vya wavuvi wa ufuoni) za huko chini ziwani, redio ya Kiluo, na ukiwa upande wa Kericho, ya Kikalenjin. King'ora kipigwe nusu saa kabla na kipigwe tena, na mtu asimame kwa kila kivuko kikubwa. Maji yaongezwe kwa hatua. Kupunguza pia ni kwa hatua, na sababu ni samaki.

Mvua zikianza samaki waitwao ningu wanapanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga. Zamani walikuwa wengi sana, siku hizi ningu ni samaki aliye hatarini kabisa kuisha, na Sondu ni mmoja wa mito ambayo bado wanapanda. Sasa mashine zimelala siku kumi, mto wa zamani umejaa, ningu wameingia na mayai. Mtu anawasha mashine saa mbili asubuhi. Saa nne nimesimama kwa mawe, madimbwi yamebaki madogo madogo kama masinia, na ndani samaki wamelala ubavu wakipumua juu juu, watoto wamefika na beseni na wanafurahi, na ukiwauliza watakwambia leo mto umetoa. Hiyo ni athari na haina gharama kubwa kuzuia: punguza maji kwa masaa mengi badala ya dakika, weka watu wa kutembea na ndoo kurudisha samaki kwa maji yanayotembea, na usipange kujaza na kukausha wakati wa kutaga.

Umeona mgongano? Februari ni nzuri kwa samaki na kwa mfuko lakini ni mbaya kwa kitu kingine, tope.

Hatua ya sita: tope

Nyuma ya ukuta wa kuzuia maji tope linakaa miaka. Juu ni la kahawia, ukichimba chini ni jeusi na linanuka kama yai viza, maana yake halina oksijeni. Ukifungua geti la chini kulisukuma wakati mto ni mdogo, linashuka kama uji mzito, linakula oksijeni ya maji, na samaki wanakufa hadi mbali. Wakati mto umejaa na tayari una rangi ya chai ya maziwa, tope lilelile linachanganyika na kupotea, halina madhara makubwa hivyo.

Jibu langu ni kugawa: mashine zifunguliwe kiangazi, tope lisukumwe mwanzo wa mafuriko kidogo kidogo, geti lifunguliwe masaa machache halafu lifungwe. Kama lazima litolewe kiangazi basi lichimbwe na kubebwa na lori, na mahali pa kulimwaga pajulikane kabla, si shamba la mtu aliyepewa elfu mbili.

Pima mahali panne angalau: juu ya ukuta, kwenye kipande kikavu, chini ya mahali maji yanarudi, na karibu na ziwa. Oksijeni, joto, uzito wa tope, na utando wa mafuta. Anza wiki mbili kabla, saa zilezile kila siku, na moja iwe alfajiri kwa sababu oksijeni huwa chini kabisa kabla jua litoke. Mimi nikiona iko chini ya miligramu 5 kwa lita naanza kupiga simu, ikielekea 4 geti lifungwe. Hayo makubaliano ya nani anafunga geti yaandikwe na yawe na jina la mtu wa zamu, la sivyo saa tisa usiku utapiga simu kwa watu watano na kila mmoja atakutuma kwa mwingine.

Hatua ya saba: faida na hasara za mtaa

Matengenezo makubwa yanaleta watu. Vyumba vinajaa Sondu na Katito, mama wa chakula anaongeza sufuria, vijana wanapata vibarua. Hesabu, lakini kwa ukweli: uliza orodha ya malipo, ona wangapi ni wa hapo na wangapi wamekuja na basi. Upande wa pili weka siku ambazo mvuvi hakutoa wavu, mchanga haukuuzwa, watu walinunua maji ya mtungi kwa sababu mto umechafuka. Hizi ni pesa ndogo ukilinganisha na milioni 102 na ndio maana usizijumlishe pamoja, zitamezwa. Ziwe na jedwali lao. Shilingi elfu 3 kwa mchota mchanga ni chakula cha wiki.

Hatua ya nane: kuandika na kurudi

Chora jedwali: miezi ishuke mstari kwa mstari, Januari hadi Desemba, na juu weka safu za stima iliyopotea, shilingi, moshi, samaki, tope, usalama wa watu, volti. Jaza kila chumba kwa tarakimu au kwa neno. Mwenye mtambo akiangalia hiyo karatasi moja ataona mwenyewe kwamba kwa mto kama Sondu mwisho wa Januari ndio unatoka mzuri kwa kufungua mashine, na kwa nini tope linahitaji tarehe yake.

Halafu rudi. Mara ya kwanza mashine zikiwashwa, uwe mtoni si kwa kontrolo rumu. Mara ya pili baada ya mwezi, pima palepale mahali panne. Mara ya tatu mvua ikishakuja, ulinganishe maji yaliyopita kwa mashine na stima iliyotoka, ile asilimia 3 uliyoahidi irudi imerudi au haikurudi. Na ukiwa huko pitia ukingoni uulize wale wa mchanga kama walisikia king'ora.